Parvo kwa watoto wa mbwa: maswali na majibu

Mbwa wangu ana wiki 9. Juzi alikuwa anararua ndala zangu, leo amejikunyata kwenye kona, anatapika povu na kuharisha damu. Kalishwa sumu?

Majirani ndio husingiziwa kwanza! Sumu inawezekana, ila kwa umri huo, kama chanjo hazijakamilika, shuku parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Huenda kirusi kilimwingia siku 3 hadi 7 zilizopita, aliponusa au kulamba mahali penye kinyesi cha mbwa mgonjwa. Mvute ngozi ya mgongoni kisha uiachie: ikichelewa kurudi, maji yamemwishia mwilini. Usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mbona huwapata zaidi wadogo?

Kirusi hiki huzaliana ndani ya seli zinazogawanyika kwa kasi, na mtoto anayekua amejaa hizo. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vinavyofyonza chakula, kama nyuzi za taulo, na kila siku seli mpya huzaliwa chini yake kuziba pengo la zilizokufa. Parvo huua hizo mpya. Taulo linabaki kipara: chakula hakifyonzwi, maji na damu vinavuja, bakteria wa tumboni wanapenya hadi kwenye damu. Wakati huohuo kirusi kimeshambulia uboho wa mifupa, kwa hiyo chembe nyeupe zinazotakiwa kupigana na bakteria hao zimepungua. Anayekufa kwa parvo mara nyingi huuawa na ukavu wa mwili na hao bakteria. Aliyeambukizwa tumboni mwa mama au katika wiki za mwanzo anaweza kushambuliwa moyo, akafa ghafla bila hata kuharisha.

Nimpe Flajili na maji ya chumvi na sukari nyumbani?

Anayetapika hayabakizi. Anahitaji dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki za kukabili bakteria. Kirusi chenyewe kitashindwa na mwili wake. Wanaowahiwa wengi hupona. Wasiotibiwa, wengi hufa.

Alichanjwa akiwa na wiki 6. Imekuwaje?

Kinga aliyonyonya kwenye dang'a la mama, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, huidhoofisha chanjo, na hupungua kwa wakati tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Moja haitoshi, hata kama muuzaji alikuapia.

Inaambukiza watu?

Hapana. Lakini viatu vyako vinaweza kuibeba hadi kwa mbwa wa jirani.

Amekufa. Nilete mwingine lini?

Sakafu ya saruji isugue kwa sabuni kwanza, kisha mwagia jiki, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, uiache dakika 10. Uani penye udongo jiki haisaidii sana, na kirusi huweza kukaa humo miezi mingi. Kwa uwanja wa namna hiyo, mimi ningechukua mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo zote.