"Itie filta tu iwe kama imechorwa"

Wateja wangu hapa Mombasa, wenye hoteli za Nyali na maharusi wa Mji wa Kale, wote huja na ombi moja: "Video tunayo tayari, wewe itie filta tu iwe kama imechorwa." Bei wanayotaja ni ya kazi ya dakika kumi. Nimechoka kulijibu kwa simu.

Kwa picha moja iliyotulia, sibishi. Filta ya Kuwahara, iliyobuniwa mwaka 1976 kusafisha picha za kitabibu za moyo, hulainisha kila eneo dogo bila kufuta kingo. Ipitishe kwenye picha ya Fort Jesus, kuta zitatoka na mabaka mapana yanayofanana kweli na rangi ya brashi.

Taabu huanza picha inapokwenda. Tangazo la sekunde 30, kwa fremu 24 kila sekunde, ni picha 720. Programu ikichora kila fremu upya bila kujali iliyotangulia, mchirizi wa rangi uliokuwa juu ya tanga la jahazi huruka pembeni, hurudi, kisha hupotea. Ukuta ambao haujaenda popote huonekana unachemka. Haya, tuigandishe michirizi palepale kwenye skrini? Balaa la pili: jahazi linapita nyuma ya michirizi isiyosogea, kana kwamba unalitazama kupitia kile kioo cha mawimbi cha dirisha la bafu.

Njia ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1996 Barbara Meier, akiwa Disney, alieleza jinsi ya kutawanya vidoa juu ya uso wa modeli ya 3D, yaani umbo la kitu lililojengwa ndani ya kompyuta, kila kidoa kikibeba mchirizi wake, ili kitu kikigeuka, michirizi igeuke nacho. Lakini sikiliza vizuri: juu ya modeli ya 3D. Video ya simu yako haina modeli, ina pikseli tu, vile vinukta vya rangi. Kompyuta hulazimika kukisia kila pikseli imehamia wapi, na hukosea hapohapo unapopapenda wewe: maji ya bahari, buibui linalopeperuka, bibi harusi akipitwa na shangazi mwenye sinia.

Hapo ndipo huambiwa, "Si kuna AI siku hizi?" Ipo. Mwaka 2015 Leon Gatys na wenzake, Ujerumani, walionyesha mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano, ukihamisha mtindo wa mchoraji kwenda kwenye picha ya kawaida. Ilipotiwa video fremu kwa fremu, ikametameta vilevile, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakaiongezea hesabu za mwendo ili itulie. Zana za sasa ni bora zaidi, nazitumia. Ila jaribu mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, kamera ikisogea polepole. Kwenye video misumari inahesabika. Ukishapitisha mtindo, mitatu imeungana kuwa mmoja, fremu chache mbele imeachana tena, na ua lililochongwa pembeni limeota jani ambalo fundi hakulichonga. Kuyanyoosha hayo kwa mkono ndiko kunakokula siku, na ndiyo bei unayoilalamikia.

Kama unataka mchoro, niite kabla ya kupiga video. Simu iwe kwenye stendi, nyuma pawe patupu, kanga iwe ya maua makubwa. Bosi akishapiga kwa mkono unaotetemeka ndani ya tuktuk, asinitafute.

Madai mengine ninayoyasikia nayajibu haraka. Eti katuni ya 3D ni rahisi kuliko uhalisia. Hesabu yenyewe ndiyo rahisi: mwanga ukivuka kiwango fulani, rangi angavu, usipovuka, kivuli. Mchezo wa video wa Jet Set Radio, wa mwaka 2000, ulikuwa na sura hiyo tayari. Ila uso wa mtu ukiuachia hesabu peke yake, kivuli cha pua humwagika shavuni. Waliotengeneza mchezo wa Guilty Gear Xrd, mwaka 2014, walirekebisha kwa mkono upande ambao kila sehemu ya modeli huhesabiwa kuwa inautazama ili kivuli kikae pale mchoraji angekiweka.

Eti ile mistari myeusi ya pembeni mwa katuni hizo huchorwa mmoja mmoja. La. Mara nyingi ni nakala ya modeli iliyovimbishwa kidogo, ikapakwa nyeusi na kugeuzwa nje ndani. Kinachochungulia ukingoni ndicho mstari.

Eti video ya 4K hutoa mchoro mzuri zaidi. Brashi ya filta nyingi hupimwa kwa pikseli, kwa hiyo kwenye 4K, yenye pikseli mara mbili ya HD kwa upana na kwa urefu, brashi ileile hutoka nusu ya upana wake kwenye HD, na michirizi inakuwa vijinyasi. HD iliyotulia inatosha. Na usiipitishe WhatsApp kwanza: ikibanwa hupata vijisanduku, na filta huvichukulia kuwa kingo za kweli ikavichora vyote. Lete kwa flashi.