Chanjo za kuchagua na kuchuja: maswali ya wana Newala

Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani huku kwetu, uwanda wa juu wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Magonjwa ya mbu yanatuhusu sana, kwa hiyo jibu la kwanza na la pili nimeyarefusha.

Nasikia wataalamu wanabadilisha virusi ili wapate chanjo bora. Hawatuletei ugonjwa mpya?

Ni haki yako kuuliza. Kwa njia hii ya kuchagua na kuchuja hawagusi kirusi kizima. Wanachukua jeni (maelekezo ya urithi) ya protini moja tu, ile ambayo kinga ya mwili huitambua. Mwaka 1994 mtafiti Willem Stemmer alieleza jinsi ya kukatakata jeni zinazofanana na kuziunganisha upya kwa mpangilio mwingine. Yanatoka maelfu ya matoleo. Mengi hayafai kitu, machache yanazishinda jeni za mwanzo. Hayo ndiyo yanayochanganywa na kupimwa tena. Mkulima wa korosho anaijua kazi hii: pale kituo cha utafiti cha Naliendele watafiti huchagua mikorosho inayozaa vizuri na kuizalisha. Ila mkorosho unasubiriwa miaka, maabara haisubiri hivyo.

Kwani chanjo tulizonazo hazitoshi?

Kwa surua na polio zinatosha, na mtoto asikose hata dozi moja. Dengi ndiyo ngumu. Ina aina nne. Ukiugua moja, utakingika nayo, lakini ukipatwa na nyingine baadaye, kingamwili zile za kwanza (protini za mwili za kupambana na virusi) zinaweza kukisaidia kirusi kuingia kwenye seli, ugonjwa ukawa mkali zaidi. Dengvaxia, chanjo ya kwanza ya dengi kuidhinishwa, iliangukia hapo hapo: watoto ambao hawakuwahi kuambukizwa dengi kabla ya kuchanjwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa walipoambukizwa baadaye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wapimwe kabla ya kupewa.

Ndipo njia ya Stemmer inaponipa matumaini. Watafiti walichanganya jeni za aina zote nne wakitafuta protini moja itakayoufundisha mwili kuzitambua zote. Panya wa maabara walitengeneza kingamwili dhidi ya aina zote nne.

Tutaipata lini?

Chanjo hiyo haijaidhinishwa. Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto wako kuna majaribio mengi, na hapo sitaki mtu yeyote aruke hatua.

Kwa sasa tufanye nini?

Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mwaga maji yaliyotuama kwenye vifuu, matairi na makopo, na funika mapipa. Ukishikwa na homa, nenda ukapime malaria. Maumivu yatulize kwa paracetamol. Aspirini na diklofenaki usimeze mpaka daktari ahakikishe si dengi, maana zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.