Waya wa Dudley Buck na kijana aliyetaka kusajili umeme usiopotea

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi ofisini kwangu, huku Mnazi Mmoja, amekumbatia faili la plastiki utadhani kabeba hati ya kiwanja cha urithi. Alinipa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitika marahaba akasema: "Injinia, nataka kusajili umeme usiopotea njiani."

Nikamwambia akae, anywe maji kwanza.

Faili lilikuwa na kurasa arobaini na kitu. Wazo lenyewe: kutoka Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, hadi Dar, tuvute waya wa supakondakta badala ya alumini, ili umeme usipotee njiani kwa kugeuka joto. Mwishoni aliorodhesha madai kumi na moja. Dai la kwanza lilitaka haki ya pekee juu ya matumizi yoyote ya supakondakta kusafirisha umeme Tanzania. Mwandiko safi, hesabu safi. Nimeona maombi ya watu wenye shahada tatu yaliyoandikwa hovyo kuliko lile.

Mimi nilitoka kwenye sabstesheni nikahamia kwenye makaratasi ya hataza, ile haki ya pekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, miaka mingi iliyopita, na aliyoniuliza kijana huyu ndiyo huulizwa na wengi. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za mvumbuzi mmoja ninayempenda kuliko wote katika fani hii. Nayarudia hapa.

Kwanza kitu chenyewe. Supakondakta si konda wa daladala anayerudisha chenji bila kuombwa. Waya wa kawaida una ukinzani; umeme ukipita, sehemu yake hugeuka joto. Ndiyo kazi ya pasi, na ndiyo hasara ya nyaya za gridi. Mwaka 1911, kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, akakuta ukinzani umetoweka. Haukupungua, ulitoweka. Ukianzisha mkondo kwenye pete ya waya wa namna hiyo unaendelea kuzunguka wenyewe, betri umeshaiondoa zamani.

Sasa njoo kwa Dudley Buck. Desemba 1953 alikuwa kijana wa miaka 26 pale MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima na zilitumia valvu, zile chupa za kioo ambazo wazee wetu wanazikumbuka ndani ya redio za mbao. Zilikula umeme, zilitoa joto, ziliungua kila mara. Buck akaandika kwenye daftari lake wazo la kutumia vipande viwili vya waya.

Chukua waya wa tantalamu wenye unene wa kama milimita 0.23 na urefu wa pingili moja ya kidole. Uzungushie waya mwembamba zaidi wa niobiamu, milimita 0.08 hivi, mzunguko juu ya mzunguko, kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Tumbukiza vyote kwenye gesi ya heliamu iliyopozwa hadi ikageuka kimiminika. Hapo metali zote mbili ni supakondakta, umeme unapita kwenye tantalamu bila kizuizi. Halafu pitisha mkondo mdogo kwenye ule waya wa nje. Unazaa ugasumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, na sumaku ndiyo sumu ya supakondakta. Tantalamu inashindwa papo hapo, kwa sababu kwenye baridi ile imesimama ukingoni: ikipata joto la robo nyuzi tu zaidi ya heliamu inayochemka, usupakondakta wake unakwisha. Ukinzani unarudi, lango limefungwa. Niobiamu yenyewe haitikisiki, maana hustahimili joto na sumaku kuliko mwenzake. Kata mkondo wa nje, lango linafunguka.

Mkondo mdogo unaongoza mkubwa. Ndiyo kazi ya valvu na ndiyo kazi ya transista, safari hii kwa vipande viwili vya waya unavyoweza kuvipoteza mfukoni. Buck alikiita kifaa hicho krayotroni. Alipeleka ombi Julai 1955, akapewa hataza ya Marekani namba 2,832,897 tarehe 29 Aprili 1958.

Hapa nilimtaka kijana asimame kidogo. Nilimuuliza: Buck alimiliki nini? Usupakondakta hakuumiliki, huo ni wa maumbile na uligunduliwa kabla hajazaliwa. Kwamba sumaku inauua, hilo nalo lilijulikana tangu 1914, Onnes huyohuyo. Alichomiliki ni mpangilio: metali dhaifu katikati, metali sugu imeizunguka, baridi iliyochaguliwa ili ya katikati iwe ukingoni, na yote hayo yatumike kama lango. Kichwa cha hataza yake kinasema hivyo hivyo, kifaa cha lango kinachoongozwa na sumaku. Ni uzio mdogo uliojengwa imara. Dai la kwanza la kijana wangu lilikuwa kama mtu anayetaka kuzungushia uzio Bahari ya Hindi.

Alikuna kichwa. "Kwa hiyo Buck alitajirika?"

Hapana. Krayotroni ilitaka kuishi ndani ya heliamu na bado ilikuwa polepole kuliko transista iliyokuwa inakua haraka. Septemba 12, 1958, miezi minne na nusu tu baada ya Buck kupewa hataza, mhandisi Jack Kilby alionyesha kule Texas saketi jumuishi yake ya kwanza, yaani transista na viungo vyake kwenye kipande kimoja, nayo haikuhitaji tone la heliamu. Mei 1959 Buck akafariki, ana miaka 32. Hataza za Marekani wakati ule zilidumu miaka 17, kwa hiyo yake ilikwisha 1975, na tangu hapo mtu yeyote duniani anaweza kuzungusha niobiamu juu ya tantalamu bila kumuomba mtu ruhusa. Wala hataza ile haikuwahi kuwa na nguvu Kariakoo. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Huku Bara unakwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili, Zanzibar wana sheria na msajili wao, au unapitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la masuala haya, kule Harare ukitaja nchi unazozitaka.

Watu huichukulia hataza kama cheti cha kufaulu. Mkaguzi haulizi kama kitu kitauzika. Anauliza kama ni kipya, kama mtaalamu wa kawaida asingekifikia kirahisi, na kama kinaweza kutengenezwa. Soko ni mtihani mwingine kabisa, na mimi sijui kuuandikia majibu.

Turudi Rufiji, maana kijana hakukubali kuiacha. Tulipiga hesabu nyuma ya bahasha. Kutoa wati moja ya joto kwenye heliamu, nje kukiwa nyuzi 30 kama Dar, hata mashine kamilifu isiyokuwepo duniani inahitaji wati 71 za kazi; mashine halisi hula mamia. Kwenye naitrojeni, inayochemka nyuzi 196 chini ya sifuri, mashine kamilifu inahitaji wati tatu hivi, na halisi zaidi ya kumi. Ndiyo maana dunia ilishangilia mwaka 1987 zilipopatikana keramiki zenye itriamu, bariamu na shaba zinazokuwa supakondakta kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri. Naitrojeni ni bei ya kuongeleka. Huku kwetu wataalamu wa uhimilishaji huibeba kwenye pikipiki hadi kwa wafugaji, ndani ya mitungi yenye mbegu za madume bora. Lakini mtungi mmoja kwenye keria ni kitu kimoja, na bomba la kupozwa usiku na mchana kutoka Rufiji hadi Dar ni kitu kingine.

Na kuna jambo ambalo kurasa zake arobaini hazikuligusa. Ukinzani sifuri ni wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Gridi yetu ni ya mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila ugeukapo ugasumaku unasukumana ndani ya supakondakta na kuacha joto kidogo. Joto hilo linazaliwa mahali pabaya kuliko pote, ndani ya baridi uliyoigharamia.

Si kwamba nyaya hizi ni ndoto. Essen, Ujerumani, waliwasha moja mwaka 2014 katikati ya jiji: urefu wa kilomita moja, volti 10,000, uwezo wa megawati 40, imepozwa kwa naitrojeni. Faida yake kubwa ni nafasi. Mahali ambapo ungehitaji kebo ya volti 110,000 na transfoma zake, unapitisha kebo moja ya volti ndogo chini ya barabara iliyojaa mabomba tayari. Aliyewahi kuona fundi akitafuta pa kuchimba Mtaa wa Kongo atanielewa. Kariakoo ningemsikiliza. Kwa Rufiji, acha alumini ifanye kazi yake.

Mwisho akaniuliza swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo: "Nimwonyeshe nani?"

Usimwonyeshe mtu kabla ya kupeleka ombi. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge wa miaka 22, alichapisha makala iliyotabiri kwamba mkondo wa supakondakta unaweza kuvuka utando mwembamba wa kihami, kitu kisichopitisha umeme. Leo kiungo kinachobeba jina lake kinapima volti kwenye maabara za viwango na kimo ndani ya kompyuta za kwantamu. Philip Anderson na John Rowell wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu kule Marekani, walioithibitisha kwa vipimo, walimwendea mwanasheria wa hataza. Anderson alisimulia baadaye kwamba waliambiwa makala ya kijana yule imejieleza kwa ukamilifu kiasi kwamba hakuna atakayepata hataza ya maana juu yake. Kilichotangazwa ni cha wote.

James Dewar naye, mwaka 1892, alitengeneza chupa yenye kuta mbili na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati ili kutunza vimiminika vya baridi kali. Hakuisajili. Wajerumani wakaifanya biashara kwa jina la Thermos, na leo iko mezani kwako imejaa chai ya tangawizi.

Na mimi? Nikiwa bado sabstesheni niliunda kifaa kidogo cha kuonya joto la viungo vya kebo. Nilikieleza chote kwenye semina ya wazi, nikagawa hadi michoro, nikapigiwa makofi. Miaka miwili baadaye ndipo nikakumbuka kusajili. Jibu lilikuwa karatasi moja, na karatasi iliyoniangusha ilikuwa ya kwangu mwenyewe, ile ya semina.

Tulifuta madai kumi. Kijana alinyamaza, nikadhani nimemvunja moyo, kumbe alikuwa anapekua ukurasa wa thelathini na tatu. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, alikuwa amechora kitu kidogo kuhusu ile mitungi ya naitrojeni ya pikipiki, kwa sababu mjomba wake ni mhimilishaji na hulalamika jambo moja kila safari. Niliutazama mchoro ule mara mbili, nikaenda kufunga mlango.

Ni nini, sisemi. Ombi halijapelekwa.