Eti kuchora ni mambo ya kizungu?

Hapa Mwanza ukisema unachora au unapanga maonyesho ya picha, lazima mtu akwambie hayo mambo ya kizungu, babu zetu walikuwa na ngoma na hadithi tu. Nimeisikia tangu mdogo na si kweli jamani. Michoro ya miambani kule Kondoa, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, ina watu na wanyama waliochorwa zamani sana kabla mzungu hajakanyaga huku, na hata ziwani kwetu, kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, kuna miduara myekundu na myeupe kwenye mwamba.

Na kupanga vitu ili viseme jambo? Nenda Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma. Kweli mmisionari alihusika kuyaanzisha, ila banda la watemi, machifu wa Kisukuma, lina umbo la kiti cha utemi, na ndani kuna ngoma zao, yaani kabla hujasoma kibao chochote jengo lenyewe limeshakwambia umeingia kwa nani. Mimi hapo huwa nanyamaza kabisa, nahisi kwanza, halafu ndo naanza kujiuliza mimi wa nani.