Bioakiolojia: kusoma afya na chakula cha watu wa kale kwenye mifupa yao

Mtu aliyekulia vijiji vya Arumeru mara nyingi hutambulika akicheka tu. Meno yana madoa ya kahawia, mengine yamechimbika, na hakuna mswaki utakaoyasafisha, kwa sababu doa lilijengwa pamoja na jino lenyewe. Maji ya huko yana floridi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa chini ya ufizi, yanaota yakiwa tayari na alama. Mtu huyo anaweza kuhamia Dar es Salaam akiwa na miaka 20 na kuzeekea huko, lakini meno yake yataendelea kueleza maji ya utotoni. Kaburi lake likifunguliwa baada ya miaka 1,000, yataeleza vilevile.

Bioakiolojia inafanya kazi kwa msingi huo. Ni taaluma ya kuchunguza mabaki ya miili ya watu wa kale, hasa mifupa na meno, ili kujua waliishije: walikula nini, waliugua nini, walitoka wapi, walibeba mizigo ya namna gani. Tawi lake linaloshughulika na magonjwa huitwa paleopatholojia. Wengi huichanganya bioakiolojia na kazi ya daktari wa polisi. Daktari yule anatafuta mtu amekufaje. Mwanabioakiolojia anataka kujua aliishije, tena haridhiki na mtu mmoja. Anataka makaburi mengi, ya wazee na ya watoto, ndipo athubutu kusema habari za mji.

Huanza na mambo ya msingi. Nyonga ya mwanamke ni pana kuliko ya mwanaume, kwa hiyo mfupa wa nyonga ndio unaotazamwa kwanza. Umri wa mtoto husomwa kwenye taya: meno yapi yameota, yapi bado yamejificha. Kwa mtu mzima kazi ni ngumu zaidi, na mtaalamu mwaminifu atakwambia "kati ya miaka 35 na 50" asiongeze neno.

Upande wa chakula ndio unaonivutia zaidi. Mwili hujengwa kwa kile unacholishwa, na kila chakula kina alama yake. Mtama, ulezi, uwele na mahindi huvuta kaboni ya hewani kwa njia moja. Mpunga, ngano, maharage, ndizi na mihogo kwa njia nyingine. Kaboni ina aina mbili zinazodumu bila kubadilika, moja nyepesi na nyingine nzito kidogo. Hizo ndizo isotopu, na uwiano wake kwenye mtama hauko sawa na ule wa kwenye mpunga. Aliyekula mtama miaka nenda miaka rudi anabeba uwiano wa mtama kwenye kolajeni, ile protini inayoushikilia mfupa. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika na yalifika Afrika baada ya mwaka 1500, kwa hiyo alama hiyo ikionekana kwenye kaburi la miaka 800 iliyopita, haiwezi kuwa ya sembe.

Samaki wa baharini ndiye analeta utata, maana kaboni yake inakaribia ile ya mtama. Hapo mpimaji hugeukia naitrojeni. Kila kiumbe kinapomla mwenzake, naitrojeni nzito huongezeka mwilini mwake. Jodari anayekula samaki wadogo anayo nyingi kuwazidi, na mvuvi anayemla jodari anamzidi jodari. Kwa hiyo mkulima wa mtama na mvuvi wanaweza kufanana kwa kaboni, kisha wakaachana mbali kwa naitrojeni. Kipimo hichohicho kinamfichua mtoto anayenyonya. Kikemia anaula mwili wa mama yake, basi yuko ngazi moja juu ya mama. Akiachishwa ziwa, anashuka kidogo kidogo, na mteremko huo unabaki kwenye tabaka za ndani za jino. Ndivyo tunavyoweza kujua umri wa kuachishwa ziwa kwa watoto ambao hakuna aliyeandika habari zao.

Jino na mfupa, hata hivyo, havitunzi kumbukumbu za wakati mmoja. Enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, hujengwa utotoni na haifanywi upya. Mfupa hubomolewa na kujengwa tena maisha yote, kwa hiyo wa mtu mzima unaeleza miaka yake ya mwisho, kumi au zaidi. Chukua gego na kipande cha mfupa wa paja wa mtu mmoja, unapata sura mbili za maisha yake. Enameli pia ina strontiamu, elementi inayotoka kwenye miamba, ikapita kwenye maji na mimea hadi kwa mtoto. Ikiwa haifanani na miamba ya mahali alipozikwa, alikulia kwingine.

Wakati mwingine mfupa hutoa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mwaka 1980 watafiti waliokuwa wakitazama kwa hadubini mifupa ya Wanubi wa Sudan, walioishi kati ya mwaka 350 na 550, waliona ikimeremeta rangi ya njano na kijani chini ya mwanga wa urujuanimno. Hivyo ndivyo inavyong'aa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria tunayoijua sote, ambayo hung'ang'ania kalsiamu ya mifupa na meno. Ndiyo maana wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Baadaye vipimo vya kemia vilithibitisha kwamba ni yenyewe hasa, na ilikuwa nyingi hata kwenye mfupa wa mtoto wa miaka minne. Chanzo kinachoelezwa ni pombe ya nafaka, iliyochachuka pamoja na bakteria wa udongoni wanaotengeneza dawa hiyo wenyewe.

Magonjwa nayo yana maandishi yake. Matege yanaonekana kwenye mifupa ya miguu iliyopinda. Kifua kikuu kikifika kwenye uti wa mgongo hula pingili mpaka zinaporomoka na kuacha kibyongo. Ukoma hula mifupa ya pua na vidole. Mtoto aliyepita kwenye njaa au homa kali anabaki na mifereji myembamba iliyokatiza meno yake, kwa kuwa mwili ulisimamisha ujenzi ili kwanza ujiokoe.

Mfano ulio karibu nasi uko Kenya. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, bingwa wa kutambua visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, aligundua huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, mifupa ya mwanamke wa jamii ya Homo erectus, binadamu wa kale kabla yetu, aliyeishi takriban miaka milioni 1.7 iliyopita. Anajulikana kwa namba tu, KNM-ER 1808. Mifupa yake mirefu ilikuwa imevikwa tabaka la mfupa mpya, wa mabonge mabonge, kama udongo uliokandikwa upya juu ya ukuta. Mwaka 1982 mtafiti wa visukuku Alan Walker na wenzake walisema alidhuriwa na vitamini A nyingi kupita kiasi, kwa kula maini ya wanyama walao nyama. Wengine baadaye walitaja mabuu ya nyuki, wengine ugonjwa wa buba. Vyovyote iwavyo, tabaka lile halijengeki kwa siku mbili. Alikaa na maumivu yale kwa wiki kadhaa au miezi, mahali penye simba na fisi. Walker aliona hapo dalili kwamba kuna waliomletea maji na kumlinda, na mimi wazo hilo nashindwa kuliweka kando.

Hapa ndipo penye fundisho gumu la taaluma nzima, lililowekwa wazi na mwanaanthropolojia James Wood na wenzake mwaka 1992. Mfupa hauandiki kitu haraka. Kipindupindu na malaria kali huua ndani ya saa au siku chache, na mfupa unabaki safi. Chukua watoto wawili waliopatwa na homa moja: dhaifu alikufa siku ya tatu, mwenzake aliugua, akapona, akaishi hadi uzeeni akiwa na mifereji kwenye meno. Ukifukua makaburi yao utasema huyu wa pili ndiye aliyekuwa mgonjwa. Kumbe alama ile ni ushahidi kwamba alipona. Mji wenye mifupa yenye makovu mengi huenda ulikuwa na watu wenye uwezo wa kustahimili, na mji wa mifupa misafi huenda ulifyekwa.

Na mifupa hii ni ya watu. Ujerumani bado inahifadhi mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, mengi kutoka Rwanda, takriban 200 kutoka Tanzania. Yalikusanywa kwa ajili ya kupima vichwa na kupanga watu madaraja. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya baadhi yake vimelingana na vya familia za Kichaga zilizo hai. Kwa upande wa pwani, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba aliomba kwanza ridhaa ya wenyeji kabla ya kugusa makaburi ya kale ya Waswahili. Mifupa ilifukuliwa, ikachukuliwa sampuli, na ndani ya msimu uleule ikazikwa tena.