Anwani ya IP inajua nchi yako, nyumba yako haiijui

Ukiwa Shela, kisiwani Lamu, washa data ya simu kisha fungua mojawapo ya tovuti zinazokuambia uko wapi kwa kusoma anwani yako ya IP. Usishangae ukiambiwa uko Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka ulipoketi. Tovuti haikukusudia kudanganya. Ilichokiona ni mlango ambao data yako imetokea kuingia intaneti, na mlango huo hauko Shela.

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa au mtandao, ili majibu ya unachokiomba yajue pa kurudi. Zile za mtindo wa zamani, ambazo bado zinatumika sana, ni namba nne zilizotengwa kwa nukta. Ndani yake hamna mtaa wala mji. Ni kama sanduku la posta: barua yenye 80500 itafika posta ya Lamu, lakini mwenye sanduku huenda anakaa Matondoni au Faza, au yuko Mombasa kibaruani, na bahasha haisemi lolote kuhusu hilo.

Namba hizi hugawiwa kwa mafungu. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na makampuni ya simu na ya intaneti huchukua mafungu kwake kisha yakawagawia wateja. Daftari la ugawaji liko wazi: yeyote aweza kuona fungu fulani ni la kampuni gani na kampuni hiyo ni ya nchi gani. Ndiyo sababu kubashiri nchi ni rahisi na mara nyingi hupatikana. Kushuka kutoka nchi hadi mji ni makisio. Makampuni yanayouza taarifa za mahali huunganisha daftari hilo na yale wanayoyatangaza watoa huduma wenyewe, na mengine hupima muda wa data kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya waya wa faibari hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 2, yaani moja kwa kila upande, kifaa hakiwezi kuwa umbali unaozidi kilomita 200. Hilo lakupa mpaka wa mbali zaidi, halikupi kichochoro.

Simu za mkononi ndizo zinazovuruga hesabu zaidi. Data yako hutoka kwenye mnara, ikasafiri ndani ya mtandao wa kampuni hadi kwenye mitambo yake ya mji mkubwa, na ni hapo inapopata anwani ya kuonekana nje. Tena anwani hiyo si yako peke yako. Anwani za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu ya kugawa iliisha Februari 2011. Makampuni yakalazimika kuwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo mvuvi wa Kipungani na mwanafunzi wa Eldoret waweza kuonekana kama mtu mmoja. Matokeo yake mengine ni ya kuchekesha: mtu yuko mji wa vichochoro na punda, analetewa matangazo ya chakula kitakachofikishwa mlangoni Nairobi kabla hakijapoa.

Sasa nenda Malindi, mji uliozoea Waitaliano. Mgeni aliyekuja na laini yake ya kwao, akitumia data bila kubadilisha laini, kwa kawaida data yake hurudishwa hadi kwa kampuni yake Italia ndipo itoke. Yeye na mwenye duka anayemuuzia maji wamesimama hatua mbili. Mtandaoni mmoja yuko Italia, mwingine Nairobi au Mombasa. Wa tatu aliyewasha VPN, yaani huduma inayoipitisha data yake kwanza kwenye kompyuta ya mahali pengine, yuko popote alipochagua. Hoteli yenye faibari yake huenda ikasomeka Malindi kweli, na hapo ndipo watu huamini kwamba kila mara itakuwa hivyo.

Kukosea huku kumewahi kuumiza watu. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind, kila ilipojua tu kwamba anwani ni ya Marekani bila kujua mji, iliiweka karibu na katikati ya nchi. Nukta hiyo ikaangukia shamba moja karibu na Potwin, jimbo la Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikasomeka kuwa za hapo. Kwa miaka wakazi walijiwa na polisi, wapelelezi na watu waliokasirika, wakitafuta matapeli na watoto waliotoroka nyumbani. Habari ilipofichuka mwaka 2016, kampuni ikahamishia nukta hiyo ziwani. Hifadhidata yao, kwa haki yao, hutaja pia ukubwa wa duara la makisio, ambalo laweza kufika kilomita 1,000. Tatizo ni kwamba anayetazama ramani huona nukta, duara halioni.

Basi mbona ramani ya simu yako huonyesha hadi kibaraza ulichokalia? Hiyo si kazi ya IP. Simu husoma GPS, minara na waifai zilizo jirani, na tovuti haipati taarifa hizo mpaka ubonyeze kuruhusu. Anayekutisha kwa ujumbe kwamba amepata IP yako na anajua nyumba yenu, huenda ana jina la kampuni yako ya simu na mji usio wako. Picha uliyoituma ikiwa imehifadhi mahali ilipopigwa yaweza kukuanika kuliko namba hiyo.

Anayeweza kuihusisha anwani na mtu ni kampuni iliyoitoa, na hutakiwa kufanya hivyo kwa njia ya sheria. Hata yeye hawezi kwa anwani tupu: kwa kuwa wateja wengi wanaitumia pamoja, anahitaji saa kamili, hadi sekunde, na mara nyingi namba ya poti iliyotumika, yaani namba inayotenganisha mawasiliano ya wateja walio nyuma ya anwani moja. Akishampata mteja, kwa upande wa simu ana usajili wa laini na kumbukumbu ya mnara uliomhudumia. Mnara huo ndio utakaosema Lamu.