Picha ya shamba la Pwani ianzie kwenye mnazi

Picha za wakulima zinazosambaa mitandaoni nyingi ni za aina mbili: mtu kasimama katikati ya mahindi akitabasamu, au viganja viwili vimejaa udongo. Ni picha nzuri, lakini zingeweza kupigwa Kitale, Kisii au nchi nyingine kabisa. Kazi yangu ni kupiga picha za familia zinazolima pembezoni mwa Mombasa, upande wa Mwakirunge, Nguu Tatu, Jomvu na kule Likoni, na ninavyoona mimi, huku kwetu anayetaka kuonyesha jinsi watu walivyoshikamana na shamba lao aanze na miti, kisha makaburi. Udongo utafuata wenyewe.

Hilo lina historia yake. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza walipoleta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, aliyetambuliwa ni yule aliyejitokeza kudai na akaweza kuthibitisha dai lake. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani hii, hawakupata hati kwa njia hiyo, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana hadi leo utakuta familia imezaliwa, imezaa na imezika mahali pamoja, lakini hati iko kwa mtu mwingine, nao wanaitwa maskwota. Hata mjini nyumba yaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mwenzio. Miti nayo ina wenyewe. Mnazi hurithiwa, huuzwa, huwekwa rehani, na ardhi uliposimama isihame mkono hata kidogo.

Kwa hiyo nikifika kwa watu, kamera hubaki mkobani. Baada ya hodi na salamu naomba nitembezwe shambani. Mama mmoja wa Mwakirunge alinizungusha huku akigusa shina moja baada ya jingine: "Huu ni wa marehemu babangu. Ule pale aliupanda mume wangu mwaka nilipojifungua kifungua mimba. Huo uliopinda ni wa shemeji, mwanangu, usikate hata kuti bila kumwambia." Mimi pale nilikuwa naona minazi tu. Yeye alikuwa anasoma ukoo mzima. Baada ya matembezi kama hayo unajua nani asimame wapi, na huna haja ya kumwambia mtu atabasamu.

Mnazi wetu mrefu wa Pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na huishi zaidi ya miaka 60. Maana yake, familia nyingi zinakula nazi za mtu ambaye hayupo tena. Swali ni jinsi ya kuliweka hilo ndani ya picha, kwa sababu mti una urefu wa jengo la ghorofa kadhaa na mtu hafiki hata mita 2. Ukitumia lenzi pana sana na kuinamisha kamera juu, shina linalala na mtu anakuwa kidudu. Mimi huchukua lenzi ya milimita 35, narudi nyuma hatua chache, namwacha mtu karibu na shina, na kilele nakikata bila huruma. Kivuli cha makuti kikianguka chini kwenye majani, mtazamaji ataumalizia mti mwenyewe.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote ni ya vidato, zile ngazi zilizochongwa kwenye shina ili mgema na mkwezi wakanyage. Mnazi si kama mwembe. Mti wa jamii ya mnazi hauongezi unene kila mwaka wala haufungi kidonda, kwa hiyo kidato kilichochongwa na babu kinabaki vilevile, na mjukuu anakanyaga palepale. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kwa hiyo nafasi ya kumpata ipo kila siku. Sogea karibu na shina, mwombe apande taratibu, na piga nyayo zake zikiwa ndani ya vile vidato: kisigino kimepasuka, ukingo wa kidato umelainishwa na miguu mingi. Jua liwe pembeni na liwe chini, la sivyo vidato havitaonekana, vitakuwa madoa tu kwenye gome.

Na jua hilo halikusubiri. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linachomoza na kupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Mwanga laini unaupata kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa mbili ukiwa unatandika mguu wa kamera umeshachelewa. Bahati ni kwamba hiyo ndiyo saa ya kazi. Watu huingia shambani alfajiri ili jua la saa nne liwakute wakinywa chai. Ukipanga kufika "baada ya kifungua kinywa" utawakuta wamekaa, na utaishia kuwaomba waigize kazi waliyokwisha kuimaliza. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ndiyo taabu zaidi: adhuhuri jua liko utosini kabisa, na kofia ya ukili inaficha macho yote.

Mchana usimpige mtu picha chini ya mnazi. Makuti yanapitisha mwanga vipande vipande na uso unajaa madoadoa. Nenda chini ya mwembe. Kivuli chake ni kizito na sawa, na ndipo familia inapokaa hata hivyo, kukuna nazi na kuchambua mchicha. Mweke mtu karibu na ukingo wa kivuli, akitazama nje kwenye mwanga. Majani yatatia ukijani kwenye ngozi. Ukihifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, utaurekebisha baadaye. Tena pima mwanga kwenye shavu, si kwenye fremu nzima. Anga letu la ukungu wa bahari ni jeupe mno, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe italiokoa anga na kuzamisha uso wa mtu mweusi. Anga likiungua na liungue.

Kuhusu msimu, wengi huja wakati wa mavuno. Mimi naona palizi ina mengi zaidi, mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na upepo wa kusi umeshika. Nyumba nzima iko mstarini, kunde zimetambaa kati ya mahindi, na jembe la bibi linajua wapi pa kupita bila kukata mzizi.

Makaburi ni jambo la kuombewa ruhusa kwa wazee, na ruhusa ya kuyaona si ruhusa ya kuyasambaza. Hapa nawasihi wenzangu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, mmojawapo wa Wamijikenda, kando ya vigango viwili, ile miti iliyochongwa, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Aliporudi kumletea picha yake, vigango vilikuwa vimeibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana katika makumbusho mawili huko Marekani, na ile picha ndiyo iliyothibitisha kwamba ni vyenyewe. Familia ilikabidhiwa mwaka 2007. Picha moja ilirudisha mali ya wafu nyumbani. Lakini picha hiyohiyo leo, ikiwekwa mtandaoni na simu ikiwa imeandika ndani yake mahali ilipopigwa, ingempeleka mwizi hadi mlangoni. Zima uandishi wa mahali kabla hujatoka nyumbani. Vigango mimi siviweki mtandaoni kabisa.

Kwa watoto, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Iombe hata kama picha ni ya kwako binafsi.

Picha zikiwa tayari, zichape. Faili kwenye simu inapotea simu ikianguka chooni. Nyuma ya kila picha naandika tarehe, mahali, majina, na mti ni wa nani na aliupanda nani, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino huvuja. Wazee huyasoma maandishi hayo kabla ya kuigeuza picha, na wakiona jina limekosewa hunirudishia palepale. Ikiwekwa kwenye fremu, karatasi isigusane na kioo: joto na unyevu wa Mombasa huigandisha, na siku ukitaka kuitoa inabanduka vipandevipande. Weka ukingo wa kadibodi katikati, na fremu itundikwe ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua ya kusi.